Nesi Naye Ana Moyo: Nani Atamlipa Kilichozidi?

 

Leo nataka tumzungumzie mtu ambaye karibu kila mmoja wetu ameshawahi kumlalamikia. Ukiwa kwenye daladala, ukiwa saluni, hata mkitoka Misa na kusimama pale nje kupiga stori, habari za hospitali zikianza tu, lazima mmoja aseme: "Jamani, manesi wa siku hizi wana lugha mbaya!" Na wote tunaitikia. Kila mtu ana kisa chake.

Sikatai visa hivyo. Vingine ni vya kweli na vinauma. Ila swali langu leo ni lingine, na linagusa falsafa na imani kwa pamoja. Tunapomdai nesi atabasamu, awe mpole, asikasirike, asilie mbele yetu, tunamdai nini hasa? Ni sehemu ya kazi anayolipwa, kama kuchoma sindano na kujaza faili? Au ni kitu kinachotoka ndani kabisa ya nafsi yake? Na kama kinatoka ndani, siku kikiisha nani anamjazia?

TWENDE MIKUMI NA KILOSA

Ili tusiongee hewani, tuchukue mahali panapojulikana. Mikumi wengi mnaifahamu kwa sababu ya hifadhi ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1964. Lakini Mikumi ni mji pia, ndani ya Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro, na umekaa juu ya barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na hadi Zambia. Kabla ya kufika mjini, barabara hiyo inakatiza katikati ya hifadhi kwa kilomita kama 50. Mabasi, malori ya mizigo, matangi ya mafuta, usiku na mchana. Na hapo hapo Mikumi ndipo inapochepuka njia ya kwenda Kidatu na Ifakara. Mji wa namna hii una hospitali, nayo ni ya Kanisa letu: Hospitali ya Mtakatifu Kizito.

Ukiiacha barabara kuu na kuelekea kaskazini unafika Kilosa mjini, kwenye hospitali ya wilaya. Kilosa ni mji wa reli ya kati na wa Mto Mkondoa. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto huo ulifurika, ukawaacha maelfu ya watu bila makazi na kuzoa hata reli. Na mafuriko yakiingia mtaani hayaulizi nani ni nesi. Kesho yake asubuhi wagonjwa wanamsubiri wodini, hata kama godoro lake mwenyewe limelowa.

Sasa fikiria usiku mmoja wowote katika hospitali yoyote iliyo kando ya barabara kama ile. Simsemi nesi fulani, nachora picha tu. Saa saba usiku linaletwa gari la majeruhi wa ajali. Nesi anakimbia, anafunga majeraha, anatafuta mshipa wa kuweka dripu, anamshika mkono kijana anayeita jina la mama yake. Saa nane kijana anafariki. Nesi anamfumba macho, anamfunika shuka, anaandika muda kwenye faili. Kabla hajanawa mikono vizuri, anaitwa wodi ya wazazi: kuna mama amefikia wakati wake. Dakika ishirini baadaye mtoto analia, na nesi yule yule anatakiwa kusema kwa uso wa furaha, "Hongera mama, umepata binti!" Asubuhi ndugu wa marehemu wanafika kutoka mbali, na ni yeye tena anayetakiwa kuwapokea kwa sauti ya upole.

Ndani ya saa chache amebadilisha uso mara tatu, na hakuna hata mara moja aliyoulizwa uso wake mwenyewe ukoje.

Katika miji midogo kuna kingine cha kuongeza. Nesi wa Dar es Salaam akimaliza zamu anapanda daladala na kupotea katikati ya watu. Nesi wa Mikumi au Kilosa hapotei. Mama aliyefiwa na mtoto wodini atakutana naye sokoni kesho. Yule mzee aliyekatwa mguu yuko naye jumuiya moja. Jirani anamgongea mlango saa tano usiku: "Nesi, mtoto ana homa, njoo umwangalie." Sare anaivua, lakini unesi hauvuki.

MISIBA MINGI, MATANGA HAKUNA

Hebu tuangalie jambo moja ambalo sisi watu wa huku tunalijua vizuri kuliko vitabu. Mtu akifiwa, hatumwachi peke yake. Tunakaa matanga. Watu wanalala pale, wanapika, wanaleta rambirambi, wanawake wanakaa na mfiwa kwenye mkeka, wanaume wanakoka moto nje. Watani wanakuja na vituko vyao hadi mfiwa anacheka katikati ya machozi. Hakuna aliyewafundisha haya chuoni. Wazee wetu walijua kwamba huzuni ni mzigo, na mzigo unabebwa na wengi.

Sasa nesi aliyekaa na marehemu saa ya mwisho, aliyekuwa mtu wa mwisho kumshika mkono, anapewa nini? Anapewa mgonjwa mwingine. Yeye ana misiba mingi kwa mwaka, lakini hana matanga hata moja.

Kumbukeni tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro mjini, kwenye barabara hii hii. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka. Waliokufa walipita 100. Taifa zima liliomboleza, bendera zikashushwa nusu mlingoti kwa siku tatu. Lakini wengi hawakufa siku ile. Walilazwa Morogoro, wengine wakapelekwa Muhimbili, na vifo viliendelea kwa majuma kadhaa. Sisi tulishamaliza kuomboleza, bendera zilishapandishwa, na bado kulikuwa na watu wanaosafisha vidonda vya moto kila siku, wanaozungumza na mgonjwa kwa sauti ya matumaini huku wakijua hali yake. Hao walikuwa wauguzi na wenzao. Maombolezo yao yalipangiwa siku ngapi?

JE, TABASAMU LILE NI UNAFIKI?

Hapa ndipo penye swali gumu la kimaadili. Kama nesi ana huzuni moyoni na anaonyesha tabasamu usoni, si anadanganya? Tumefundishwa kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo. Bwana Yesu alikuwa mkali sana kwa wanafiki. Je, tunamdai nesi awe mnafiki kwa faida yetu?

Mwaka 1983 mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Russell Hochschild, alichapisha kitabu kuhusu wahudumu wa ndege. Aligundua kwamba kampuni haikununua tu mikono yao ya kubeba vinywaji, ilinunua na tabasamu lao. Kuitengeneza sura na hata hisia ili kazi ifanyike aliita kwa jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kusema "kazi ya hisia". Akaonyesha njia mbili za kuifanya. Ya kwanza ni kuigiza juu juu: uso unacheka, moyo hauko. Ya pili ni kuusemesha moyo wenyewe hadi ukubali: nesi anajiambia, "Huyu bibi anayenitukana angekuwa bibi yangu, ningetaka ahudumiweje?" na kweli anaanza kumwonea huruma. Njia zote mbili zina gharama.

Lakini muda mrefu kabla yake, Mtakatifu Thomas wa Akwino alishalitazama swali la ukweli na matendo. Anasema mtu anaweza kusema uongo kwa matendo pia, si kwa mdomo tu. Kujifanya vile usivyo ili kumpotosha mwenzako ni aina ya uongo. Hapo hapo anaweka tofauti muhimu: kutokuonyesha kila kilicho ndani yako siyo uongo. Anayenyamaza hajadanganya. Nesi asiyemwaga machozi yake juu ya mgonjwa hajamdanganya mgonjwa, amemhifadhi.

Mahali pengine katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 114, anauliza kuhusu fadhila ya ukarimu wa kila siku, ile ya kuongea na watu vizuri. Kuna pingamizi: kumwonyesha mgeni alama za urafiki wakati si rafiki yako, si ni kujifanya? Thomas anajibu kwamba kwa namna ya jumla kila binadamu ni rafiki wa kila binadamu kwa asili yake. Ukimwonyesha mgeni wema, humwambii kwamba ninyi ni marafiki wa chanda na pete. Unamwonyesha ule upendo wa jumla ambao kweli unamdai.

Kwa hiyo tabasamu la nesi linasema nini? Halisemi, "Mimi sina shida yoyote leo." Linasema, "Wewe ni mtu, nimekuona, niko upande wako." Na hilo ni kweli, hata siku nesi amelia njiani akija kazini. Tabasamu hilo siyo uongo.

Uongo upo, ila si wa nesi. Uongo ni wetu sisi tunaojifanya kwamba tabasamu lile ni la bure, halina gharama, linatoka tu lenyewe kama maji ya chemchemi.

KISIMA NACHO HUKAUKA

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza rasmi uchovu mkubwa unaotokana na kazi, katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa na hali zinazohusu afya. Alama zake ni tatu: mtu anaishiwa nguvu kabisa, moyo wake unakaa mbali na kazi yake au anaichukia, na anaona hafanyi tena jambo la maana. Soma alama ya pili tena. Moyo unakaa mbali. Hapo ndipo mama mwenye jina na wajukuu anageuka kuwa "yule wa kitanda namba sita". Hapo ndipo lugha mbaya inapozaliwa.

Tuelewane vizuri. Kueleza sababu ya kosa siyo kulihalalisha. Mwanamke aliyezabwa kofi au kutukanwa akiwa na uchungu wa kuzaa ametendewa dhambi, nukta. Utafiti uliofanyika Korogwe na Muheza, mkoani Tanga, uliwauliza wanawake waliojifungulia vituoni. Wakiwa wanatoka kituoni, 19 kati ya kila 100 walisema walitendewa bila heshima. Walipofuatwa nyumbani majuma machache baadaye, wakawa 28. Maana yake wapo waliomeza maumivu yao pale mlangoni, wakaogopa kusema. Hawa nao walibeba kazi ya hisia, tena bila mshahara.

Basi tunasimama na mgonjwa, na tunasimama na nesi, bila kuchagua mmoja. Anayempenda mgonjwa kweli atajali hali ya moyo wa yule anayemhudumia. Ukitaka maji safi, nenda kaangalie kisima.

"ANALIPWA", "NI WITO WAKE"

Najua majibu mawili yatakuja haraka.

La kwanza: "Si analipwa?" Ndiyo, analipwa, na anastahili kulipwa vizuri kuliko anavyolipwa. Mshahara unalipa saa zake, ujuzi wake, usingizi anaokosa. Lakini mwanafalsafa Immanuel Kant alitukumbusha kwamba kuna vitu vyenye bei na kuna kilicho juu ya kila bei, nacho ni hadhi ya mtu. Ule upole wa kumshika mkono anayekufa hauna bei. Hakuna hospitali inayoweza kuandika kwenye hati ya mshahara: "kumlilia marehemu kimyakimya, shilingi kadhaa". Kisichoweza kununuliwa kinaweza kupokelewa tu kama zawadi, na zawadi inadai shukrani.

La pili ni la kwetu sisi watu wa kanisani, na ni la hatari zaidi: "Uuguzi ni wito. Ajitoe sadaka, thawabu yake iko mbinguni." Jamani, maneno haya ni ya kweli yakisemwa na nesi mwenyewe mbele ya Mungu wake. Yakisemwa na sisi ili tusimsaidie, yanageuka kisingizio. Sadaka ni kile mtu anachotoa kwa hiari. Unachokikamua kwa mtu mwingine hakiitwi sadaka.

Mtazame Bwana mwenyewe kule Getsemane (Mt 26:36-46). Ni Mwana wa Mungu, anajua wito wake kuliko mtu yeyote anavyojua wake. Hata hivyo anawachukua Petro, Yakobo na Yohane, anawaeleza wazi kwamba ana huzuni kubwa, anawaomba wakae macho pamoja naye. Hakuficha na hakuona aibu. Aliomba marafiki. Wao wakalala. Sasa kama Yesu aliomba watu wa kukaa naye katika saa nzito, sisi ni nani hata tumdai nesi awe na nguvu kuliko Yesu?

MWENYE NYUMBA YA WAGENI

Mfano wa Msamaria Mwema (Lk 10:25-37) tumeusikia mara nyingi hadi tunadhani tumeumaliza. Barabara ya kushuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, mtu kavamiwa, kaachwa nusu mfu, kuhani kapita, Mlawi kapita, Msamaria kasimama. Mahubiri mengi huishia pale Msamaria anapompandisha majeruhi juu ya mnyama wake. Ukiwa Mikumi mfano huu huhitaji kuuwazia sana: barabara ipo, majeruhi wapo, na wapo madereva wema wanaosimama.

Lakini yupo mtu mmoja katika mfano ule ambaye hatumzungumzii kabisa. Ni mwenye nyumba ya wageni. Msamaria alimhudumia majeruhi usiku ule, kesho yake akaendelea na safari. Nani alibaki? Nani aligeuza vile vidonda, akaosha bandeji, akaamka usiku majeruhi alipoweweseka? Nani alimvumilia alipokuwa mkali kwa sababu ya maumivu? Ni yule mwenye nyumba. Msamaria ni yule anayesimamisha gari, na mwenye nyumba ya wageni ni nesi.

Sasa angalia Msamaria anavyomtendea. Hamwambii, "Hii ndiyo kazi yako, Mungu atakulipa." Anatoa dinari mbili, na dinari moja ilikuwa mshahara wa siku nzima ya kibarua. Yaani analipa kwanza kilicho halali. Halafu anaongeza ahadi: chochote utakachotumia kuzidi hapo, nitakulipa nikirudi.

Msamaria alijua kitu ambacho sisi tunakisahau. Alijua kwamba kumtunza mtu aliyejeruhiwa lazima kuna kinachozidi. Kuna kinachotumika nje ya hesabu. Akakikubali kama deni lake, akaahidi kurudi.

Mababa wengi wa Kanisa walimwona Kristo mwenyewe katika Msamaria yule, na katika nyumba ya wageni wakaliona Kanisa. Basi ni Kristo aliyeahidi kumlipa anayetumia zaidi, na atamlipa. Lakini sisi ni mwili wake hapa duniani. Deni la kichwa ni deni la mwili pia. Kumjali nesi siyo hisani tunayoweza kuifanya au kuiacha. Ni haki. Ni kulipa kile kilichozidi dinari mbili.

DAWA TANO ZA MTAKATIFU THOMAS

Tutalipaje sasa? Thomas wa Akwino, yule yule, ana sehemu nzuri sana kuhusu dawa za huzuni (sehemu ya kwanza ya pili, swali la 38). Anazitaja tano: furaha yoyote halali, machozi, huruma ya marafiki, kuutafakari ukweli, na mwisho usingizi na kuoga. Ndiyo, kuoga! Mwanateolojia mkubwa kuliko wote hakuona aibu kuandika kwamba mtu mwenye huzuni aoge na alale. Alijua roho yetu inaishi ndani ya mwili. Hata nabii Eliya alipochoka hadi akaomba kufa, malaika hakuanza na mahubiri. Alimwacha alale, akamwamsha ale mkate (1Fal 19).

Kuhusu marafiki, Thomas anatoa sababu mbili. Ya kwanza: huzuni ni kama uzito, na mtu akiona wengine wanahuzunika naye, ni kama wanambebea sehemu ya mzigo. Hapo si ndipo palipo matanga yetu? Ya pili anasema ni bora zaidi: mtu akiona marafiki wanahuzunika naye, anajua kwamba anapendwa, na kujua kwamba unapendwa ni furaha inayopunguza huzuni.

Lugha yetu inalijua hili pia. Kiswahili kina salamu ya ajabu: "Pole na kazi." Tunakiri waziwazi kwamba kazi ni mzigo na inachosha. Na anayesalimiwa anajibu, "Asante, nimeshapoa." Amepoa! Neno moja la mwenzake limemponyesha kidogo. Salamu hii tunawapa mafundi, wakulima, hata mama lishe. Je, wodini tunaikumbuka?

MKONO WA KIZITO

Hospitali ya Mikumi ina jina la mtakatifu ambaye anatufaa sana katika hili. Kizito alikuwa mdogo kuliko mashahidi wote wa Uganda, kijana wa miaka kama 14, aliyechomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Mapokeo yanasimulia kwamba aliogopa. Mtakatifu Karoli Lwanga, mkubwa wake, hakumwambia aache kuogopa kwa sababu yeye ni Mkristo. Alimwahidi kwamba saa ikifika atamshika mkono. Ushujaa wa Kizito ulikuwa wa kweli, na ulikuwa na mkono wa mtu mwingine ndani yake.

Basi kijana mwenzangu, tuwe mkono huo. Mambo machache tu:

1. Ukiwa mgonjwa au ukiuguza, anza na salamu. "Pole na zamu, sista." Akikuhudumia, sema asante kabla hujamwomba kingine. Na ukitendewa vibaya, usinyamaze na usitukane: nenda kwa muuguzi mfawidhi, eleza kwa staha. Hiyo pia ni njia ya kuijenga hospitali.

2. Kama nyumbani kwenu kuna mama, dada au kaka muuguzi, akitoka zamu ya usiku mwacheni alale. Asikute vyombo vinamsubiri. Akiamka, muulize, "Usiku wa leo ulikuwaje?" kisha kaa umsikilize. Usimpe ushauri haraka.

3. Wewe unayesomea uuguzi, tafuta mapema wenzako wawili watatu mtakaokuwa mnaongea baada ya siku ngumu. Siri za mgonjwa zitunze, hilo ni lazima. Lakini moyo wako siyo siri ya mgonjwa. Kutolia siyo kipimo cha ukomavu. Ukiona usingizi umekukimbia na kazi umeichukia, tafuta msaada wa wataalamu na uongee na padre wako. Zote mbili ni njia za Mungu.

4. Viongozi wa VIWAWA, TYCS na jumuiya, tarehe 11 Februari, Siku ya Wagonjwa Duniani, tumezoea kupeleka sabuni na sukari wodini. Vizuri sana. Safari hii ombeni nafasi ya kusali na walioko zamu pia, na tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi, msiipite kimya. Na yule nesi aliyekosa jumuiya Jumamosi tatu mfululizo kwa sababu ya zamu, msimwandike mtoro. Mtembeleeni.

5. Wale ambao kesho mtakuwa viongozi wa hospitali na wa nchi: maneno matamu hayazibi pengo la watumishi. Nesi mmoja akiachiwa wodi ya watu wengi mno, hata "pole na kazi" mia moja hazitamwokoa. Ajira ya kutosha, zamu za haki, na dakika chache za kukaa pamoja baada ya kifo kigumu, hizo ndizo dinari mbili. Zilipwe kwanza.

MASWALI YA KUTAFAKARI

Ni lini mara ya mwisho nilimshukuru aliyenihudumia nikiwa mgonjwa, na kwa maneno gani?

Je, kuna mtu karibu yangu ambaye kazi yake ni kuwabeba wengine (nesi, mwalimu, mlezi, padre, mama yangu), na mimi sijawahi kumuuliza yeye anabebwa na nani?

Je, nimewahi kutumia neno "wito" au "sadaka" ili nisimsaidie mtu aliyechoka?

TUOMBE

Ee Bwana Yesu, uliyewaomba marafiki wakae macho nawe, uwaangalie wauguzi walioko zamu usiku huu, Mikumi, Kilosa na kila mahali. Uwape usingizi wakirudi nyumbani, machozi yao yapate pa kudondoka, na mikono yao isiishiwe na upole. Utufundishe sisi kulipa kile kilichozidi, hadi utakaporudi kulipa mwenyewe. Amina.

Mtakatifu Kizito, utuombee.
Mtakatifu Kamili wa Lellis, msimamizi wa wagonjwa na wauguzi, utuombee.

Mbarikiwe sana. Na kama unamfahamu nesi mmoja, leo hii mtumie ujumbe mfupi tu: "Pole na kazi." Halafu subiri usikie kama kweli ameshapoa.